Kwadi ya Michezo Katika Njia za Ng'ombe

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vyombo vya moto methali hii haisaidii sana, maana kibaya nacho kikipakwa rangi mpya hujiuza. Niliikumbuka nilipoitwa Migori na binamu yangu, mzaliwa wa Likoni mwenye duka huko, nimtazamie kwadi aliyotaka kuinunua kwa akiba yake ya miaka miwili.

Kwadi ni ile pikipiki ya magurudumu manne ambayo sisi wa pwani tumezoea kuiona Diani ikipandwa na watalii. Wengi hudhani zote ni namna moja. La hasha! Iko ya kazi, nzito, yenye chaga za mizigo mbele na nyuma. Na iko ya michezo, nyepesi, iliyoinama, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu kwa mnyororo, na kiti chake ni cha mtu mmoja. Binamu yangu alikuwa amependa hii ya pili, Yamaha ya sesi 450 iliyokwisha kutumika, apate kutembea nayo siku za mapumziko kutoka Nyatike mpaka milima ya Gwassi, upande wa Homa Bay.

Njia za huko zataka kuonwa. Ukiacha lami, nyingi zimekatwa na miguu ya watu na kwato za ng'ombe. Bodaboda hupita bila taabu, lakini kwadi ina upana uzidio mita moja: gurudumu moja liko njiani, jingine limepanda kichuguu. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa bonde la Lambwe hunata kwenye matairi na kuziba rejeta, injini ikachemka.

Tena ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yake mawili huzunguka sawasawa hata kwenye kona. Mpandaji asipoegemeza mwili upande wa ndani, chombo hukataa kukata kona, au humpindua. Magurudumu manne si dhamana. Huko Marekani zile za magurudumu matatu, ambazo Honda ilianza kuziuza mwaka 1970, ziliachwa kuuzwa mwaka 1988 kwa wingi wa ajali. Za manne zilibaki, na watu wangali wanaanguka nazo.

Basi nikaikagua. Niliinua nyuma nikatikisa magurudumu. Yalicheza, kumbe beringi zimekwisha. Meno ya sproketi yalikuwa yamechongoka kama ya papa. Nilipapasa fremu karibu na pa kukanyagia, nikitafuta alama za kuchomelea, nikaiona safi. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza, haikutoa moshi.

Jambo la spea ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Spea za Boxer utazipata hata Sori au Ndhiwa; za kwadi hii ni kuagiza Nairobi, na kungoja.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na buibui lake akitusikiliza. "Shemeji," akaniuliza, "nami nitakaa wapi?" Sikuwa na jibu, na binamu yangu alijifanya anatazama tairi.

Mwishowe alimwambia mwenye chombo kuwa atachukua iwapo bei itapunguzwa kwa thamani ya beringi, mnyororo na sproketi. Shemeji naye akaweka sharti lake: kofia ngumu inunuliwe kwanza, kabla ya kwadi kuingia uani. Mwenye chombo ameomba muda hadi Jumamosi.