Dalili za Usukani Zitazamwe kabla ya Kushuka Wanale

Mkazi wa Mbale hahitaji kuelezwa mlima Wanale ulivyo. Genge lake limesimama juu ya mji mithili ya ukuta, na nyakati za mvua maporomoko ya maji huonekana kutoka mjini yakishuka mwambani. Huko juu wanaishi watu, wakulima wa kahawa na ndizi, na barabara ya kuwafikia ni ya mwinuko na kona kali. Ndiyo sababu magari makubwa yaendeshwayo kwa magurudumu manne, kama vile Land Rover na Toyota Land Cruiser, yanathaminiwa sana katika sehemu hizo.

Injini ikizimika mlimani, abiria hushuka wakatembea. Lakini kifundo cha usukani kikichomoka katika kona ya mteremko, hakuna apataye nafasi ya kushuka.

Hata hivyo, ni nadra usukani kuharibika bila kutoa onyo. Dalili ya mvua ni mawingu. Taabu iliyopo ni kwamba dalili moja yaweza kuletwa na sababu nyingi, na baadhi ya madereva hukimbilia kununua kifaa kipya kabla ya kutafuta chanzo. Fedha hutoka, ubovu hubaki. Njia iliyo bora ni kuanza na uchunguzi usiogharimu kitu.

Matope, gia na upepo

Gari limeshuka Wanale siku ya mvua, likapita Mbale na kushika barabara ya Tirinyi kuelekea Iganga na Jinja, safari ya zaidi ya kilomita 130 za lami. Lifikapo mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, usukani waanza kutetemeka. Dereva hudhani kuna kilichovunjika. Kumbe matope ya mlimani yamekauka ndani ya rimu, upande mmoja, na gurudumu limepoteza uzani wake sawa. Maji na kijiti vyatosha kuliponya.

Dereva mwingine alitia gia ya magurudumu manne kwenye utelezi, naye akasahau kuitoa alipofika kwenye lami. Usukani huwa mzito katika kona, na gari huenda kama lililoshikwa. Katika magari mengi ya kazi, gia hiyo hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Katika kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na lami kavu haiyaruhusu kuteleza ili kufidia tofauti hiyo. Huo si ubovu wa usukani, ila ukiendelea waweza kuvunja gia.

Upepo wa tairi nao upimwe. Tairi za mbele zikipungua upepo, usukani huwa mzito; ikipungua moja tu, gari huvuta upande huo. Endapo gari linavuta na upepo ni sawa, baada ya safari mkono usogezwe karibu na kila gurudumu la mbele bila kuligusa. Lililo la moto kuliko mwenzake huenda breki yake imeng'ang'ania.

Kazi ya watu wawili

Hayo yakishaondolewa, hapana budi kutazama viungo vyenyewe. Gari lisimame mahali tambarare, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe. Mtu mmoja, hata kama ni mke au kijana wa nyumbani, aketi katika kiti cha dereva na kuupeleka usukani kushoto na kulia kidogo kidogo. Mwenzake aweke kiganja juu ya kila kifundo, kuanzia boksi la usukani hadi tairodi, yaani ile fimbo iunganishayo magurudumu mawili ya mbele. Kifundo kizima huenda pamoja na fimbo zake. Kilichokwisha hugonga chini ya kiganja. Boksi nalo litazamwe: bolti zake zikilegea, litajongea kwenye chesisi.

Kisha gurudumu moja la mbele linyanyuliwe kwa jeki na gari liegemezwe juu ya stendi imara. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tairi ishikwe juu na chini, itikiswe. Ikicheza, mwenzake akanyage breki. Mchezo ukiisha, ubovu u katika beringi za gurudumu. Ukibaki, zishukiwe beringi za kingipini. Mchezo uonekanao tu tairi ishikwapo kushoto na kulia mara nyingi hutoka katika vifundo vya tairodi.

Mtetemeko mkali

Magari yenye ekseli nzima ya mbele yana ugonjwa mmoja wa kutisha. Gurudumu hupiga shimo, na mara magurudumu yote mawili huanza kutikisika kwa nguvu hata usukani hushikika kwa shida. Dereva apunguze mwendo taratibu, bila breki ya ghafla, mpaka asimame.

Baada ya hapo wengi hununua shokabsoba mpya ya usukani, na gari hutulia kwa muda. Lakini kazi ya shokabsoba ni kumeza mishtuko. Kingipini zilizolegea na vifundo vilivyolika huendelea kulika vikiwa vimefichwa, na siku shokabsoba hiyo ichokapo, mtetemeko hurudi ukiwa mkali zaidi.

Gari ambalo kifundo chake kinagonga, boksi lake linajongea, au nati ya usukani imekosa pini yake, lisishushwe mlimani hata kama safari imeamriwa. Dereva aandike ubovu huo katika kitabu cha gari na kumwarifu mkubwa wake. Naye mkubwa asimwone kuwa mvivu. Matengenezo huchelewesha safari kwa siku moja au mbili. Watoto wanaomngoja baba yao nyumbani wataweza kuvumilia siku hizo.