Shadowfax: Asili ya Jina la Farasi na Mtihani wa Mfasiri

Katika sehemu hii ya mhadhara tutazame jina moja tu, nalo ni la farasi. Shadowfax hupandwa na Gandalf katika The Lord of the Rings, riwaya ya J. R. R. Tolkien iliyotoka kwa majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955. (Gandalf simwiti mchawi, neno hilo kwetu limebeba uovu ambao mzee huyu hana.) Kwa msomaji wa Kiingereza cha leo, nusu ya kwanza ya jina ni wazi: kivuli. Nusu ya pili haimwambii kitu, ila labda kumkumbusha mashine ya faksi.

Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha Kale huko Oxford tangu 1925 hadi 1945, na jina hili alilifinyanga kwa udongo wa kazi yake. Katika lugha hiyo sceadu ni kivuli na feax ni nywele za kichwani. Neno feax limekwishakufa, ingawa limesalia ndani ya jina la ukoo Fairfax. Ndugu yake wa Kinorse, fax, ni nywele za shingoni mwa farasi. Visasili vilivyoandikwa Iceland katika karne ya 13 vinamtaja Skinfaxi, mwenye singa zing'aazo, anayeleta mchana. Na Hrímfaxi, mwenye singa za jalidi, anayeleta usiku, ambaye povu la lijamu yake ndilo umande wa alfajiri. Naona Tolkien alimweka farasi wake baina ya hao wawili: mchana ni rangi ya fedha, usiku hupita kama kivuli.

Sasa tugeukie Kiswahili. Jina hili halimaanishi kivuli wala nywele, bali yule aliye na singa za kivuli. Muundo huo si mgeni kwetu. Kichwamaji, jina la riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, si kichwa wala si maji; ni mtu. Tofauti ni mpangilio tu: sisi hutanguliza kinachomilikiwa.

Ndani ya hadithi, watu wa Rohan, walikotoka farasi hao, husema lugha yenye ladha ya ukale, na ndiyo sababu mwandishi aliiwakilisha kwa Kiingereza cha Kale. Wafasiri wa lugha za Kijerumaniki aliwaambia kwamba ingefaa waliunde jina upya katika lugha zao kwa kutumia maneno yenye asili moja na yale ya jina hili. Ushauri huo hautufai, kwani hatukurithi feax. Tukiliacha jina lilivyo, msomaji hupata sauti bila maana. Tukisema "Manyoya ya Kivuli", ukale unapotea.

Napendekeza Singakivuli. Atakayepinga atasema singa inajulikana. Ndiyo, katika "nywele za singa"; lakini ni wanafunzi wangapi leo huihusisha na shingo ya farasi? Basi nusu moja itakuwa wazi, nyingine itampeleka msomaji kwenye kamusi, kama ilivyo katika asili. Na upatanisho wake ufuate ngeli ya kwanza: Singakivuli amefika, si imefika.