Kinanda cha Vipande na Mizani Yake

Kijana mmoja wa hapa mtaani, mpigaji kinanda katika kikundi cha taarabu, aliniita kwao nikaone maajabu. Nikakuta juu ya meza sanduku la mbao lililojaa vibao vya bati, kila kibao kina vifundo na matundu yake, na waya za rangi zote zimepitana kama jarife lililotupwa pwani. Akawasha. Ikatoka sauti moja nene, haipandi, haishuki, haikomi. Akaizima, akakaa kitako. “Ami,” akasema, “akiba yangu ya mwaka mzima imo humu, na hiki ndicho kitokacho.”

Wasomaji wetu wanakijua kinanda cha kuvutwa hewa, na wanakijua cha umeme kilichokuja kukiondoa. Hiki si hicho wala si kile. Ni sinthesaiza ya moduli, yaani kinanda cha vipande: kila kipande kina kazi moja, na mwenyewe huamua kipi kiungwe na kipi. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1964 Robert Moog alionyesha vipande vyake vya kwanza huko New York, na katika miaka hiyo hiyo Don Buchla akawa anaunda vyake kule California, wala hakupenda kuvitia funguo nyeupe na nyeusi. (Ingawa kuigeuza sauti kwa mitambo Waarabu hawakungoja Marekani: Halim El-Dabh alirekodi ngoma ya zaar ya wanawake mjini Cairo mwaka 1944, akaichezea hadi ikawa kitu kingine.) Mwaka 1995 Mjerumani Dieter Doepfer akatoa mfumo wake wa A-100. Kimo cha kipande ni kama sentimita 13, na upana huhesabiwa kwa HP, kila HP milimita 5.08. Vipimo hivyo, viitwavyo Eurorack, mafundi wengi wamevifuata, hivyo kipande cha huyu hukaa ubavuni mwa cha yule bila ugomvi.

Basi kosa la kijana wetu lilikuwa wapi? Sanduku lake lilikuwa la safu moja ya HP 84, karibu sentimita 43. Humo alikuwa ametia vitoa-sauti vitano na vichujio viwili, vyote vya bei, vyote vya kupendeza macho. Hakuwa na kipande hata kimoja cha kuifungua sauti na kuifunga, wala cha kuipa mwanzo na mwisho. Ni kama kualika waimbaji watano bila mtu wa kuwaambia nyamazeni.

Sisi watunzi jambo hili twalijua. Ubeti hautimii kwa maneno mazito peke yake. Vile vijineno vya “na” na “kwa” na “ya”, ambavyo hakuna anayevisifu, ndivyo vinavyotimiza mizani nane kwa nane. Katika sanduku hili vijineno hivyo ni vipande vya kupunguza nguvu ya umeme, vya kuchanganya, vya kugawa waya moja kuwa tatu. Havina sauti yao wenyewe, na havimvutii mnunuzi.

Nikamwuliza, wataka kupiga nini? Akanijibu kwamba anaitaka ile noti ya tatu ya rast, ambayo kinanda chake cha dukani hakimpi, kwa kuwa kimefungwa kwenye noti 12. Hapo ndipo nilipoona kwamba pesa zake hazikupotea zote. Katika vipande hivi, volti moja hupandisha sauti oktava moja. Ukianzia do, mi bapa iko kwenye volti 0.25, na mi kamili iko karibu 0.33. Noti ya rast hukaa katikati, karibu 0.29. Umeme haujui kwamba hapo mzungu hakuweka ufunguo.

Tukachukua karatasi ya mistari ya miraba tukapanga upya: vitoa-sauti viwili, kichujio kimoja, viwili vya kuipa sauti umbo, vinne vya kuifungua na kuifunga, kimoja cha mawimbi ya polepole, kichanganyio, vile vijineno, na kipanga-noti kisichoilazimisha volti kwenye zile noti 12. Sanduku tukaliandika la safu mbili, na sehemu yake tukaiacha tupu makusudi.

Ama umeme wenyewe, hapo nilimshika sikio. Karibu kila kipande hunywa njia mbili, volti 12 za chanya na 12 za hasi, na vingine hutaka 5 zaidi. Kiasi kinachonywewa huandikwa kwa miliampea, na kila njia hujumlishwa peke yake. Jumla ikiwa 900, usinunue kigawa umeme cha 900. Nunua cha 1,200, kwani vipande vikiwashwa pamoja huamka na kiu. Na ule utepe wa waya unaopeleka umeme, mstari wake mwekundu huelekea upande wa hasi 12. Ukiugeuza, moshi huenda ukatangulia muziki. Yeye alikuwa hajahesabu hata kipande kimoja.

Vitoa-sauti vitatu amekwisha kuviuza, kwa hasara. Juzi baada ya isha nilipita chini ya dirisha lake nikamsikia anaitafuta ile noti, akizungusha kifundo unywele mmoja juu, unywele mmoja chini. Nikasimama kidogo. Ilikuwa bado haijakaa.