Chakula Kilicho Hai kwa Samaki wa Kioo

Siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya Ngamiani au Chumbageni, mjini Tanga, ukaona sebuleni chombo cha kioo na samaki wa mapambo wakizunguka ndani yake. Watoto hupenda sana kuwatazama. Lakini mara nyingi twaulizwa swali moja: mbona samaki wetu hutaga mayai, yakaanguliwa vema, kisha wana wote hufa kabla ya wiki kwisha?

Mara nyingi hufa kwa njaa, ingawa mwenyewe huwatupia makombo ya mkate na unga wa dagaa kila siku. Kinywa cha mtoto wa samaki aliyeanguliwa jana ni kidogo mno, tena kitu kisichojongea hakitambui kuwa ni chakula. Ule unga hushuka chini, huoza, maji hunuka, na hata wale wenye nguvu huangamia. Basi hapana budi wapewe chakula kilicho hai, na njia nyepesi ni kukifuga wenyewe.

Tutazame kwanza jinsi mambo yalivyo porini. Katika nchi tambarare iliyo nyuma ya pwani yetu, toka kusini mwa Kenya hata upande wa Tanga, yako madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kabisa wakati wa kiangazi. Humo huishi samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole, dume wake mwenye mkia mwekundu. Wataalamu humwita Nothobranchius palmqvisti, nao walimwandika vitabuni mwaka 1907. Ndugu yake wa Unguja, Nothobranchius guentheri, aliandikwa mwaka 1893. Dimbwi likikauka wazazi hufa wote, lakini mayai hubaki yamelala katika tope. Mvua ikirudi huanguliwa, na baada ya wiki chache tu watoto wamekuwa watu wazima wa kutaga. Mtu asiyejua habari hii aweza kudhani kuwa samaki hao wameanguka na mvua!

Je, wanakula nini hata wakue upesi hivyo? Dimbwi lenyewe ndilo jiko lao. Majani makavu na mavi ya ng'ombe huoza majini. Uozo hulisha vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huliwa na vidudu vikubwa kidogo, na hivyo navyo huliwa na samaki. Elimu hii ndiyo ile ile ya mabwawa ya perege, ambayo yalianza kujaribiwa Korogwe mwaka 1949. Nasi tukitaka kufuga chakula hai, twaiga dimbwi katika chupa.

Kwa watoto wa siku ya kwanza hata ya tano, twaa chupa pana, utie maji ya kisima au ya mvua, na kipande cha ganda la ndizi lililokaushwa. Ongeza kijiko cha maji kutoka katika dimbwi. Iweke mahali penye mwanga, lakini si juani. Siku ya pili au ya tatu maji yatakuwa meupe kama maji ya mchele, na harufu si nzuri, usiyamwage. Baada ya siku mbili tatu tena yataanza kutakata, maana vijidudu vimezaliwa na vinakula ule uozo. Hapo ndipo utie matone machache katika chombo cha watoto, asubuhi na jioni. Anza chupa ya pili kabla ya ile ya kwanza kwisha.

Baada ya hapo wafaa viroboto wa maji, ambao wataalamu huwaita dafnia. Si viroboto wa kweli, bali ni jamaa za kamba, wadogo kama chembe ya mtama au chini yake, nao hurukaruka majini. Jike huzaa bila dume maadamu chakula ni tele, na katika joto letu mtoto huwa mama kabla ya siku kumi. Watie katika pipa lililo kivulini, uwape maji yaliyogeuka kijani, au hamira kidogo sana iliyokorogwa. Hamira ikizidi, wote watakufa usiku mmoja. Hili ndilo kosa la wengi.

Mbegu yao hupatikana katika madimbwi, na hapa twawasihi sana wazazi. Msiwaache watoto wakaingia majini kuwatafuta. Madimbwi mengi ya pwani yana konokono wenye kueneza kichocho, na mtu hukipata kwa kulowana tu. Funga kitambaa cha chandarua kikuukuu katika pete ya waya, uitie mpini mrefu, uchote ukiwa umesimama pakavu. Kisha chagua vema: mtoto wa kereng'ende mmoja aliyepenya hula samaki wadogo mmoja mmoja mpaka awamalize.

Wako wanaosema, kwa nini taabu yote hii, na viluwiluwi vya mbu viko tele katika kila mtungi? Ni kweli kuwa samaki huvipenda kupita chakula chote. Hata sisi tuliwahi kuvifuga katika debe nyuma ya nyumba. Tulikwenda Pangani kwa siku tatu, tukakawia siku tisa. Tuliporudi debe lilikuwa tupu na nyumba imejaa mbu. Kiluwiluwi hukamilika kuwa mbu kwa muda wa siku saba hata kumi, nao mbu wa mitungi na madebe ndio wanaoeneza homa ya dengi, iliyowapata watu wa Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019. Kwa hiyo twasema waziwazi: viluwiluwi ukiviona, vichote vyote siku hiyo hiyo uwape samaki, na chombo ukimwage. Kuvifuga, hapana. Na pipa la dafnia nalo lifunikwe kwa chandarua.

Sisi watu wa pwani tuna bahati nyingine, nayo ni bahari. Yako mayai ya vijikamba vya maji ya chumvi, aitwao artemia, makavu kama vumbi la kahawia, ambayo mengi hutoka katika ziwa la chumvi la Utah, Marekani; na katika miaka ya 1980 vijikamba hivyo vilitiwa katika mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi. Mtu wa bara hupima chumvi kwa kijiko. Wewe chota maji safi ya bahari, tia mayai kidogo, uyapulizie hewa bila kukoma. Kwa muda wa siku moja hata moja na nusu wataanguliwa. Acha kupuliza, weka taa upande mmoja, nao watakusanyika penye mwanga. Wachuje kwa kitambaa chembamba, uwasuuze kwa maji matamu, ndipo uwape samaki. Toa kiasi watakachokimaliza upesi, maana katika maji yasiyo na chumvi artemia hufa baada ya saa chache.