Rangi ya Gari la Marehemu Baba

Likizo iliyopita nilirudi kwetu Nyamarambe nikiwa na haja ambayo wenzangu chuoni waliicheka: kutafuta rangi halisi ya Peugeot 404 ya marehemu baba. Mzee mmoja wa Tabaka, aliyechonga mawe ya sabuni tangu ujana wake, alikuwa amekwisha kunitengenezea mfano wa gari hilo, urefu wake shubiri moja, taa na milango ikiwa mahali pake. Lililobaki ni kulipaka. Akaniuliza, "Mwalimu, lilikuwa rangi gani?" Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nikakosa neno.

Mama alijibu papo hapo kwa Ekegusii kwamba lilikuwa embariri. Kaka yangu akakataa. Yeye alikumbuka kahawia. Shangazi, aliyepata kuishi Mombasa, akasema lilikuwa damu ya mzee. Tukaitafuta picha tuliyopigwa mbele ya gari hilo mwaka 1986. Haikutufaa kitu, kwa maana karatasi yake imechujuka kiasi kwamba hata migomba imegeuka myekundu.

Hakuna aliyesema uongo. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walidai kwamba lugha yenye majina mawili tu ya msingi ya rangi hutenga weusi na weupe, na kwamba jina la tatu likiingia huwa ni la wekundu. Nadharia hiyo imepingwa na kurekebishwa mara nyingi, lakini mtu wa Gusii akiisoma hutabasamu. Embariri ya mama hubeba damu, tofali na udongo wa shambani. Kiswahili nacho kina -eusi, -eupe na -ekundu zinazofuata ngeli. Rangi nyingi nyingine tumezipata kwa kuelekeza kidole kwenye kitu: majani, majivu, kahawa, zambarau. Mimi siuoni huo kuwa umaskini. Ila kidole huhitaji kitu cha kuelekea, na gari letu lilikuwa limekwisha kuwa kiota cha kuku nyuma ya jiko.

Huko ndiko tulikokwenda. Paa na boneti vilikuwa vimepauka, maana jua huila rangi nyekundu kwa pupa. Mchongaji hakushughulika navyo. Aliung'oa mpira wa mlango, akasugua chini yake kwa msasa laini uliolowa maji, na pakajitokeza ukanda mwembamba kama wembe ambao jua halikuwahi kuuona. Shangazi alipiga kigelegele. Ilikuwa damu ya mzee.

Kuipata rangi ni jambo moja, kuichanganya ni jingine. Mara ya kwanza tulilinganisha usiku chini ya taa, zikafanana kama mapacha. Asubuhi nje ya nyumba zikawa hazijuani. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa viungo tofauti zaweza kukubaliana katika mwanga mmoja na kugombana katika mwingine. Mara ya pili ilikubali hata juani, lakini ilipopakwa juu ya jiwe gari likaonekana jeusi mno. Kitu kidogo hudai rangi iliyofifishwa kidogo, kwa kuwa gari kubwa tunalitazama kwa mbali, na hewa iliyo katikati hulipunguzia ukali. Mzee alitia tone la rangi nyeupe, akaweka kwanza undakoti nyeupe ili wekundu wa jiwe lenyewe usijipenyeze, kisha akapaka tena.

Wako watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Basi nawauliza: Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema magari hayo yalikuwa ya rangi gani? Magazeti ya wakati ule yaliyachapa kwa nyeusi na nyeupe, na humo wekundu na kijani kilichokolea hutoka kijivu kimoja. Datsun 240Z, mshindi wa 1971 na 1973, inakumbukwa kuwa nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, iliyopakwa hivyo ili jua lisirudi machoni mwa dereva. Inakumbukwa kwa sababu wengine, ng'ambo, walijishughulisha kuihifadhi na kuinakili. Sisi tuliyauza mabati kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Laiti ningechelewa mwaka mmoja, kaka alikuwa amekwisha kupatana bei.

Tulimpelekea mama gari lake. Aliligeuzageuza mkononi, akalisogeza dirishani, akakiri kwamba rangi ni yenyewe. Kisha akasema si gari la baba, kwa kuwa halina vumbi. Yeye hakumbuki siku hata moja ambayo lilifika nyumbani bila vumbi. Mimi nilishikilia rangi ya kiwandani. Mzee wa Tabaka alitusikiliza wote wawili, akachota udongo mkavu uani kwa ncha ya kisu, akaniuliza kama aupake au auache.

Mpaka leo sijamjibu.