Haki ya Mwenye Hisa Tisa

Wazee wa Kamachumu, mkoani Kagera, hawana haja ya kufundishwa madhara ya butura, maana wengi wao wamepata kuona kahawa ikiuzwa ingali ua mtini, kwa bei iliyokatwa siku ya dhiki, na mavuno yalipowadia mnunuzi akajichukulia mzigo uliokwisha panda thamani, ilhali mwenye kibanja hana alichobakiza. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na kwa haki. Lakini anayeifahamu amekwisha fahamu nusu ya jambo lililowashughulisha majaji wa Marekani kwa miaka mingi, nalo ni ujira wa wakuu wa makampuni usiolipwa kwa fedha taslimu, bali kwa haki ya kununua hisa za kampuni siku za usoni kwa bei iliyowekwa leo.

Mkuu akipewa haki hiyo wakati hisa moja ni dola 10, na baada ya miaka ikafika dola 50, hununua kwa 10 na kuuza kwa 50, na tofauti yote ni yake; bei ikianguka, hapana kinachomlazimu kununua. Hapo ndipo anapompita mnunuzi wa butura, ambaye walau alitoa fedha yake mapema na kuihatarisha kwa ukame na maradhi ya mibuni. Watetezi wa desturi hii husema kwamba humfanya mkuu aitumikie kampuni kana kwamba ni mali yake mwenyewe, na hoja hiyo ina uzito. Walakini kila hisa mpya anayopewa hupunguza fungu la wenye hisa wa zamani, na kwa kuwa hakuna fedha inayoonekana ikitoka sandukuni, aghalabu hasara yao hupita bila ya kutambuliwa.

Tena ipo hila ya tarehe. Mwaka 2005 Erik Lie, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Iowa, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba bei za hisa zilielekea kushuka kabla ya siku ya kutolewa haki hizo na kupanda mara baada yake, kwa namna isiyoelezeka kwa bahati. Ikadhihirika kwamba katika makampuni kadhaa tarehe zilirudishwa nyuma daftarini, ikateuliwa siku ambayo bei ilikuwa chini. Hiyo ni khiyana, wala sioni jina jingine la kuipa. Mwaka 2007, katika shauri la kampuni ya Maxim Integrated Products, mahakama ya jimbo la Delaware ilikataa kulitupa dai la mwenye hisa kuhusu hila hiyo, na mwaka huo huo William McGuire, aliyekuwa mkuu wa UnitedHealth, akakubali kurejesha zaidi ya dola milioni 400.

Shauri kubwa kupita yote lilimhusu Elon Musk wa Tesla, aliyekubaliwa mwaka 2018 mpango wa ujira wa namna hii ambao ungeweza kumpatia takriban dola bilioni 55.8. Aliyeshitaki alikuwa na hisa tisa tu. Januari 2024 Jaji Kathaleen McCormick wa Delaware aliutangua mpango huo, akisema kwamba wakurugenzi waliouidhinisha walifungamana na Musk, na kwamba wenye hisa waliopiga kura hawakuelezwa ukweli wote. Na ingawa wengi wao waliupigia kura tena Juni mwaka huo, jaji hakubadili hukumu yake. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ya Delaware iliurejesha, kwa rai kwamba kuutangua wote kulikuwa kupindukia, ikatoa fidia ya dola moja. Mdai basi hakupata alichokitaka. Lakini kwa miaka saba tajiri mkubwa kuliko wote duniani alilazimika kumjibu mtu wa hisa tisa, na mimi nalihesabu hilo kuwa jambo kubwa.

Dai la namna hii si la kujaza mfuko wa mdai. Anashitaki kwa niaba ya kampuni, na kinachopatikana hurudi kwa kampuni. Sheria ya Kiingereza, tangu shauri la Foss na Harbottle la mwaka 1843, iliubana mlango wa madai hayo, ikishika kwamba kampuni ndiyo mdai wa haki yake, isipokuwa kwa nadra, pale walioishika kampuni walipokuwa ndio wakosaji. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002, katika kifungu cha 234, imeufungua kwa masharti: mlalamikaji aombe idhini ya Mahakama Kuu, awe amewaarifu wakurugenzi, awe na nia njema, na dai lionekane kuwa na manufaa kwa kampuni.

Kagera imekuwa na wenye mali wa pamoja tangu zamani. Bukoba Native Co-operative Union iliundwa mwaka 1950, na mrithi wake, Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera (KCU), ni mmoja wa wenye hisa wa kiwanda cha kahawa cha TANICA mjini Bukoba. Hisa za chama cha ushirika haziuzwi katika soko la hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo meneja wake hawezi kulipwa kwa njia ya Tesla. Lakini mwanachama wa Muleba ana haki ile ile ya kuuliza nani aliuidhinisha ujira, na waliouidhinisha walielezwa nini. Asipojibiwa, yupo mrajis wa vyama vya ushirika mwenye mamlaka ya kuamuru uchunguzi. Bora zaidi aulize katika mkutano mkuu, wakati makisio ya mapato na matumizi yanaposomwa, kabla mikono haijanyooshwa kuyapitisha, kwani mstari wa mishahara na posho umo humo humo.