Ua la Duranta na Kiazi Kikuu: Mlinzi na Mlishi katika Miteremko ya Rebero

Askari au polisi aliyejaliwa kupata kipande cha ardhi mjini Kigali hukabiliwa mapema na swali moja: apande nini katika zile hatua chache zilizobaki baada ya nyumba kusimama? Majirani watamshauri apande maua ili mahali papendeze. Wazee watamwambia apande chakula, kwa kuwa maua hayapikwi. Katika makala haya tumeichukua mimea miwili inayowakilisha rai hizo mbili, yaani duranta na kiazi kikuu, tuipime mmoja kando ya mwenzake. Mahali tulipopachagua kuwa mizani ni Rebero, katika Wilaya ya Kicukiro, kwa sababu huko ardhi yenyewe haimruhusu mtu kuamua kwa mazoea.

Rebero ni kilima kirefu chenye miteremko mikali, kinachoutazama mji wa Kigali kutoka kusini. Mvua zake ni za misimu miwili: zile kubwa za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba. Udongo ulioachwa wazi hubebwa na maji hadi bondeni, na pamoja nao hubebwa rutuba. Basi kila mmea unaopandwa hapa hauna budi kujibu maswali mawili: wamlisha nani, na wamlinda nani?

MAJINA YA MATABIBU WAWILI

Mimea hii miwili haina undugu wowote, lakini majina yake ya kitaalamu yana historia inayofanana. Yote mawili yamo katika kitabu cha mimea alichokitoa Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753, na yote mawili ni kumbukumbu ya matabibu. Duranta limetokana na Castore Durante, tabibu wa Italia aliyefariki mwaka 1590. Dioscorea, jina la jamii ya viazi vikuu, limetokana na Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza. Huyo wa pili atawavutia zaidi wasomaji wetu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliandika kwamba aliishi maisha ya kiaskari, na katika safari zake alikusanya maarifa ya mimea ya dawa yaliyotumika kwa zaidi ya miaka 1,500 baada yake.

DURANTA: MLINZI ASIYEVUA SARE

Duranta asili yake ni nchi za joto za Amerika. Ni kichaka kinachobaki na majani mabichi mwaka mzima, chenye maua ya zambarau yapendwayo na nyuki na vipepeo, na vitunda vidogo vya rangi ya dhahabu vinavyoning'inia kwa vishada. Iko pia aina yenye majani ya manjano, ambayo wengi huipanda kandokando ya njia. Hupandwa kwa vipande vya matawi, hushika upesi, na isipopogolewa huweza kufikia mita 4 au zaidi. Ikipogolewa kila mara huwa ua mnene ambao kuku hapenyi.

Faida yake ya kwanza katika mteremko ni mizizi. Duranta haing'olewi kila mwaka. Ikipandwa kwa safu inayoukata mteremko, wala si kwa safu inayoshuka nao, mizizi hushika udongo na mashina hupunguza kasi ya maji, mvua baada ya mvua. Ni kama mlinzi asiyeondoka lindoni.

Lakini wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Vile vitunda vya dhahabu vina sumu, na mtoto mdogo huweza kuvidhania kuwa tunda la kuliwa. Mifugo nayo huweza kudhurika. Kwa hiyo penye watoto, yafaa ua lipogolewe kabla vitunda havijakomaa, na watoto waonywe mapema. Mtoto aliyevila apelekwe kituo cha afya bila kungoja dalili.

KIAZI KIKUU: MLISHI ANAYETAKA JASHO

Kiazi kikuu hakina madaha. Juu ya ardhi ni mtambao mwembamba unaojisokota kwenye mti. Hazina yake imo chini. Kisichanganywe na magimbi, ambayo Wanyarwanda huyaita amateke: magimbi hayatambai. Ziko aina nyingi. Aina moja iliyoenea, ile ya Asia ya Kusini-Mashariki, ilifika Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari, kwa kuwa mabaharia wa zamani walikithamini chakula kinachokaa miezi bila kuoza. Aina nyingine ni za Afrika yenyewe, hasa Afrika Magharibi. Leo Nijeria peke yake hutoa kiasi cha theluthi mbili ya viazi vikuu vyote vya dunia. Askari wetu waliotumwa kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati hawana haja ya kufundishwa jinsi chakula hiki kinavyothaminiwa na watu.

Hupandwa kwa kipande cha kiazi, hasa upande wa kichwa, ndani ya tuta lililoinuliwa na kulainishwa. Kikipandwa mvua za Septemba zinapoanza, huvunwa baada ya miezi 8 hadi 10. Huhitaji mti wa kupandia wenye urefu wa mita 2 au zaidi. Jambo hilo si geni kwa mkulima wa Rwanda aliyezoea maharage yanayotambaa, na taabu ya kupata miti anaijua vilevile.

Na tufanye hesabu. Eneo la hatua 4 kwa 10 hutosha matuta 40. Tukikadiria kilo moja na nusu kwa tuta, tutapata kilo 60. Tukiondoa maganda na mbegu ya msimu ujao, zibaki kilo 45. Gramu 100 za kiazi kikuu kibichi zina nguvu ya kalori zipatazo 118. Kilo 45 ni kalori zipatazo 53,000, yaani chakula cha nguvu cha mtu mmoja kwa siku zaidi ya 20. Kina pia potasiamu nyingi na vitamini C kiasi. Upungufu wake ni protini, ambayo ni kidogo sana. Hivyo sahani ya viazi vikuu haijakamilika bila maharage.

Nacho pia kina ndugu mwenye sumu. Ndiga, kiazi cha mwituni, hutofautishwa na vile vya kulimwa kwa jani lake lililogawanyika sehemu tatu. Kikiliwa bila kulowekwa kwa siku kadhaa na kubadilishiwa maji, huweza kuleta degedege na hata kifo. Askari aliye porini asichimbe kiazi asichokijua, hata kama njaa imembana. Jamii hiyohiyo imewafaa binadamu kwa namna nyingine: katika miaka ya 1940 mwanakemia Mmarekani Russell Marker alitumia viazi vya mwituni vya Meksiko kutengeneza homoni ya projesteroni, na kutoka njia hiyo zikaja baadaye dawa za kupanga uzazi.

PANAPOGOMBANIWA

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kiazi kikuu sharti achimbe. Hapo ndipo kilipo kikwazo chake. Kila mavuno hufumua udongo wote wa tuta. Katika uwanja tambarare hakuna neno. Katika mteremko kama wa Rebero, udongo uliofumuliwa pasipo kizuizi huondoka na mvua ya kwanza. Atakayelima matuta kuelekea bondeni atakula miaka michache, kisha watoto wake watarithi mawe. Kwa upande mwingine, atakayejaza duranta kila mahali atakuwa na nyumba ya kupendeza na chungu kinachotegemea soko siku zote.

Tena tusiseme kwamba mapambo ni anasa. Rebero ni kilima cha kumbukumbu. Mwaka 1994 wapiganaji wa RPA walikishika katika mapambano ya kuyakomesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Leo katika makaburi yake wamelala wahanga zaidi ya 14,000, pamoja na wanasiasa waliouawa kwa kuyapinga mauaji hayo, na kila mwaka tarehe 13 Aprili taifa hukusanyika hapo kufunga juma la maombolezo. Mahali kama hapo bustani ya kijani kibichi isiyonyauka ni heshima, na hakuna atakayeuliza imezaa kilo ngapi. Kumtunza marehemu na kumlisha aliye hai ni wajibu wa watu walewale.

USHAURI WETU

Kwa hiyo hatuoni sababu ya kuchagua mmoja na kumfukuza mwingine. Mteremko upewe ua, lipandwe kwa kuukata mteremko, pamoja na mifereji ya kuzuia maji ambayo wananchi huichimba katika umuganda. Nyuma ya ua, udongo ukishatulia na kutengeneza ngazi, hapo ndipo mahali pa matuta. Lakini duranta isitumiwe kuwa mti wa kupandia: viwili hivyo vitanyang'anyana mwanga na chakula, na mchimbaji wa kiazi ataikata mizizi ya mlinzi wake. Iachwe nafasi ya hatua mbili baina yao.

Mavuno yawekwe juu ya uchaga penye kivuli na hewa, yasirundikwe sakafuni, nayo yatakaa miezi minne au zaidi. Vichwa vilivyo bora vitengwe kwa mbegu kabla ya chungu kuinjikwa, maana ulaji wa mbegu humwangusha mkulima.

Ndugu askari na polisi, lindo na jiko havipingani. Aliye na hatua 40 tu za ardhi aanze msimu huu na safu moja ya ua na matuta kumi. Mvua za mwaka mmoja zitamwonyesha udongo wake umebaki wapi, na mavuno ya kwanza yatampa mbegu ya matuta mengine.